Jiwe la Mia Mbili na Kumi na Tatu

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote, na wananchi wake hawalalamiki, kwa sababu kila kitu kilichowahi kutiwa katika ramani huko kilibomolewa mwaka huohuo. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na moja, na ina mji mkuu ambao wageni huusifu kwa upepo wake mwanana. Upepo huo ni matunda ya kazi ya serikali. Katikati ya Mji hakuna kitu cha kuuzuia.

Nilizaliwa huko, nikasoma huko, na siku nilipohitimu shahada ya mipango miji sidhani kama kulikuwa na mtu mwenye furaha kunishinda. Barua ya ajira ilipokuja kutoka Wizara ya Kesho, nililia. Mama yangu akalia. Jirani yetu, ambaye alikuwa na faili lake Wizarani kwa miaka sita, naye akalia, ingawa yeye hakutueleza sababu.

Wizara ya Kesho ndiyo yenye dhamana ya ukuaji wa Katikati ya Mji, na Waziri wake ni Mheshimiwa Dokta Chambuso, ambaye kwa miaka tisa hakupumzika hata wiki moja. Alikuwa akiweka mawe ya msingi. Mpaka naajiriwa alikwisha kuweka mia mbili na kumi na mawili: la Maktaba ya Taifa, la Soko la Ghorofa Saba, la Stesheni ya Treni ya Umeme, hata la Ofisi Kuu ya Kutunza Mawe. Kila moja lilikuwa la marumaru, limesuguliwa likang'aa, na jina lake limechongwa kwa herufi kubwa kuliko jina la jengo.

Majengo yenyewe hayakuwepo, na kwa hilo kulikuwa na sababu nzuri ya kisheria. Sheria ya Heshima ya Mawe inasema kwamba jiwe lenye jina la kiongozi halihamishwi wala halikaliwi. Sasa jengo likijengwa, litakuwa limelikalia jina la Mheshimiwa. Mwanasheria mmoja aliwahi kuuliza bungeni, kwa adabu kabisa, kwamba jiwe la msingi lisipojengewa juu yake ni la msingi wa nini? Siku hizi anafundisha darasa la pili huko mpakani, na tunasikia watoto wanampenda.

Sheria hiyohiyo inataka kila jiwe liwe na uzio wa hatua arobaini kila upande, na mlinzi mwenye filimbi. Kwa hiyo Katikati ya Mji yetu ni viwanja vilivyozungushiwa uzio, na ndani ya kila kiwanja jiwe moja linameremeta peke yake, na wananchi wanapita kwenye vichochoro baina ya uzio na uzio, wakipigiwa filimbi kulia na kushoto. Ukitaka kuvuka kutoka ilipokuwa benki kwenda ilipokuwa posta, mahali palipokuwa pa dakika tano, unabeba maji ya kunywa.

* * *

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkurugenzi wa Ukuaji, Bwana Mavere, alinipokea kwa mikono miwili. Ni mtu mpole, mwenye sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa. Alinionyesha Mpango Kabambe ukutani. Vidoti vyekundu vilikuwa mawe yaliyopo, vya kijani mawe yajayo, na katikati kabisa kulikuwa na kidoti kimoja cheusi.

"Hicho cheusi ni nini, Mkurugenzi?"

"Hicho ni kikwazo. Cha mwisho. Tulikuwa navyo tisini."

"Kikwazo maana yake nini hasa?"

"Kikwazo," akasema Bwana Mavere, akinitazama kwa huruma, "ni kitu kinachofanya kazi mahali ambapo tumepanga kuweka kitu kitakachofanya kazi."

Kidoti cheusi kilikuwa Zahanati ya Kati. Hapo ndipo palipopangwa Jiwe la Mia Mbili na Kumi na Tatu, la Hospitali Kuu ya Karne Ijayo, yenye vitanda elfu mbili na kiwanja cha helikopta.

"Kwa hiyo tunabomoa zahanati ili tujenge hospitali," nikasema. Moyo wangu ulitulia, maana chuoni tulifundishwa kwamba maendeleo yana machungu yake.

"Usiharakishe. Tunabomoa zahanati ili tuweke jiwe."

"Na hospitali, je?"

"Erasto, kijana wangu," akaniwekea mkono begani, "una njaa ya majengo. Nami nilikuwa nayo nikiwa na umri wako. Itakupita."

Akanikabidhi notisi ya kubomoa nikaipeleke.

* * *

Zahanati ya Kati ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, bati lake limepauka, ukuta umepakwa chokaa upande wa mbele tu. Foleni ilianzia mlangoni na kuishia kwenye uzio wa Jiwe la Chuo cha Urubani. Ndani alikuwapo Bi Mwanamvua, mkunga, mwanamke mfupi aliyekunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amezalisha pale, na watu wanasema nusu ya walinzi wa mawe walipita mikononi mwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumbo au kikohozi?"

"Hapana, mama. Mimi natoka Wizara ya Kesho."

Foleni nzima ikanigeukia. Mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa, aliyekaa kwenye benchi huku kajinyooshea miguu, akanitazama toka kichwani mpaka kiunoni, akaishia hapo.

"Jamani, Wizara imetuletea msomi," akasema, "na msomi zipu iko wazi."

Walicheka mpaka mtoto mmoja aliyekuwa analia akaacha. Nilivuta zipu, ikakataa.

"Usiivute hivyo utaing'oa. Njoo pale kona kesho nikutengenezee. Bure. Zawadi ya kubomolewa."

Huyo alikuwa Sikudhani, fundi zipu. Alikuwa na kigoda chake na mkasi wake kwenye kichochoro cha nyuma, na hakukuwa na begi wala suruali Katikati ya Mji ambayo hakuwahi kuishika.

Bi Mwanamvua aliisoma notisi mpaka mwisho, akaikunja mara nne.

"Siku thelathini," akasema. "Haya. Nikuulize, msomi. Hawa wakitoka hapa, wataenda kujifungulia wapi?"

"Hospitali ya Ng'ambo, mama. Ni kilomita kumi na moja tu."

"Kumi na moja kwa ndege. Kwa mtu anayezunguka mawe yenu ni ishirini na kitu." Akamnyooshea kidole Sikudhani. "Unamwona huyu? Mimba ya kwanza mtoto alifariki, na damu ikamtoka kama bomba lililopasuka. Sindano ndiyo iliyomrudisha. Iko kwenye friji yangu, chumba cha ndani. Safari hii nimemwambia, ukitimiza miezi minane usiende mbali na friji ile hata kwa harusi ya dada yako."

"Na harusi ya dada yangu sikwenda," akasema Sikudhani. "Dada haongei nami mpaka leo. Sasa kama mnabomoa, si ningekwenda tu nikale pilau."

Wakacheka tena. Mimi sikucheka. Nilitoka pale nimeazimia, kwa roho yangu yote, kwamba zahanati ile haitabomolewa. Nakumbuka nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyejua sasa kwa nini alisoma.

* * *

Nchi yetu ni ya kidemokrasia, kwa hiyo hakuna kinachobomolewa bila maoni ya wananchi. Maoni hupokelewa kwa ngonjera. Ni lazima ngonjera iwasilishwe kwa maandishi siku saba kabla, isizidi ubeti mmoja, na mstari wa mwisho uwe wa kumpongeza Waziri. Nje ya utaratibu huo serikali haisikii, si kwa kiburi, ni kwamba haijazoea.

Siku ya kikao, wanawake wanane walipanda jukwaani, Sikudhani akiongoza, tumbo mbele, sauti kama kengele:

*Twajifungulia wapi, nyumba mkiibomoa?*
*Njia ni ndefu si fupi, uchungu hautapoa,*
*Jiwe lazalisha vipi, nani litamuokoa?*
*Chambuso baba wa mawe, hongera twakutolea.*

Mheshimiwa Dokta Chambuso alikuwa amefumba macho kwa tafakuri. Aliposikia jina lake akayafumbua, akasimama, akapiga makofi, na meza kuu nzima ikasimama.

"Mmeona?" akasema kwa sauti iliyotetemeka. "Wananchi wenyewe wamekubali! Tena kwa vina!"

Katibu akaandika: *Wadau waliridhia kwa kauli moja.* Sikudhani alipopita karibu yangu akishuka, alisema taratibu, "Kumbe tungeimba alifu na be mpaka mwisho tu, ingetosha."

* * *

Nilirudi ofisini nikaisoma Sheria ya Heshima ya Mawe, kifungu kwa kifungu, kwa siku tatu. Ndipo nilipokiona Kifungu cha Ishirini na Mbili. Kinasema jiwe likihitaji kukingwa na mvua, linaweza kuwekewa kibanda, na *kibanda cha jiwe hakitabomolewa milele.*

Nilisimama juu ya kiti nikaketi tena. Suluhisho lilikuwa hilo! Waziri asiweke jiwe mahali pa zahanati. Aliweke ndani ya zahanati. Mara litakapokaa ndani, zahanati kisheria itakuwa kibanda cha jiwe, na hakuna tingatinga litakaloigusa, si la Waziri huyu wala la mwingine.

Bwana Mavere alinisikiliza huku akijizungusha kidogo kwenye kiti chake cha kuzunguka.

"Hakuna kubomoa?"

"Hakuna, Mkurugenzi."

"Basi hakuna kifusi. Hakuna kusubiri. Tunaweza kuweka hata wiki ijayo, kabla ya mvua." Uso wake ukang'aa. "Kijana, wewe utafika mbali."

"Na wagonjwa, Mkurugenzi? Wataendelea kuingia?"

"Kwa nini wasiingie? Sheria inawatambua wageni wa jiwe. Nani amekataza mgeni?"

Nilikimbia mpaka zahanati. Bi Mwanamvua alikuwa akichemsha mikasi. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, na wanawake wa foleni wakapiga vigelegele, na Sikudhani akasema mtoto akiwa wa kiume atamwita Erasto, akiwa wa kike atamwita Zipu.

Bi Mwanamvua peke yake aliendelea na mikasi yake mpaka ikachemka.

"Msomi."

"Naam, mama."

"Mtu akikupa ng'ombe umfungie zizini, na zizi ni chumba chako cha kulala, nani atahama?"

"Mama, ni jiwe dogo tu. Nusu mita."

"Haya," akasema. "Sijasoma."

* * *

Sherehe ilifana. Kulikuwa na matarumbeta, kwaya tatu na vitambaa vya rangi ya taifa vilivyofungwa mpaka kwenye mpini wa ndoo ya chooni. Mpiga picha wa Waziri alikagua vyumba vyote, akachagua chumba cha kujifungulia, kwa sababu dirisha lake linaingiza mwanga mzuri. Kitanda cha kujifungulia kikatolewa nje kwani kilikuwa kinaingia kwenye picha. Hakikurudishwa. Mahali pake ndipo lilipokaa jiwe.

Waziri alichota zege kwa mwiko wa fedha, mara tatu, na mara ya tatu akairudia kwa ajili ya televisheni. Kisha akahutubia.

"Ndugu wananchi! Wapo wanaosema hatujengi. Nawauliza, mmewahi kuona jiwe langu hata moja linavuja? Limewahi kupata ufa? Majengo ndiyo yanayopata ufa! Wanasema hospitali. Hospitali za wenzetu zinakosa dawa kila siku. Hii yangu, kwa kuwa haijajengwa, haijawahi kukosa hata kidonge kimoja, na naahidi mbele yenu kwamba hali hiyo haitabadilika!"

Watu wakashangilia. Nami nilishangilia, sitaki kudanganya. Nililitazama bati lile lililopauka nikawaza, halitabomolewa milele.

Palepale nikapandishwa cheo. Nikawa Msimamizi wa Vibanda, ingawa kibanda kilikuwa kimoja. Bwana Mavere akafunga mlango, akanikabidhi ufunguo mbele ya kamera, na mlinzi mmoja akaanza kupima uzio. Alipima hatua arobaini kila upande, lakini upande wa mbele akazikuta ishirini na sita tu kabla ya kugonga barabara, akasikitika sana.

"Mbona umefunga?" akauliza Bi Mwanamvua. Alikuwa amesimama kando ya kitanda chake, nje, juani.

"Ni kibanda cha jiwe, Bibi," akasema Bwana Mavere kwa upole uleule. "Wageni wanaruhusiwa, kama tulivyokubaliana. Mgeni anajaza fomu, anaeleza siku na saa anayotaka kulitazama jiwe, na kibali kinatoka ndani ya siku tisini."

Bi Mwanamvua alihesabu kwa vidole.

"Yaani mwanamke akitimiza miezi sita, aandike siku na saa ya uchungu."

"Saa kamili, tafadhali. Nusu saa zinasumbua daftari."

Nilimwambia Bi Mwanamvua asiwe na wasiwasi. Nilimwambia ni kasoro ndogo ya kanuni, na kwamba nimekwisha kuandika barua. Na kweli niliandika. Niliandika barua nne, zenye takwimu, zenye mchoro, moja ina nukuu ya hotuba ya Waziri mwenyewe. Zote zilijibiwa kwamba zimepokelewa. Sikudhani nilimjazia fomu kwa mkono wangu.

Umeme wa zahanati haukukatwa, kwa sababu jiwe lilihitaji taa. Ukisimama kwenye uzio ulisikia friji ikinguruma ndani.

* * *

Sikudhani alishikwa na uchungu siku ya kumi na tisa, saa tatu asubuhi, akiwa na begi la mteja mapajani. Hakwenda Ng'ambo. Alitembea akishika uzio mpaka mbele ya zahanati, akalala kwenye kitanda kilekile, kando ya barabara, maana Bi Mwanamvua hakuwa ameondoka pale hata siku moja, wala foleni yake. Wanawake wakashika kanga kuzunguka.

Niliitwa. Nilipofika, mtoto alikuwa amekwisha kutoka, msichana, analia kwa hasira. Nilicheka kwa furaha. Kisha nikamwona Bi Mwanamvua ametoa mkono nje ya kanga, na mkono ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kiwiko.

"Erasto. Fungua."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina.

"Friji, rafu ya chini, chupa ndogo yenye kifuniko chekundu. Fungua mlango."

Mlinzi, jina lake Ngoda, alikuwa ameshika filimbi mdomoni bila kuipuliza.

"Ngoda," akasema Bi Mwanamvua, "wewe nilikutoa mimi. Ulitanguliza miguu. Mwache huyu apite."

"Najua, mama. Ananiambia mama yangu kila siku. Lakini bila kibali nafungwa mimi, mama."

"Erasto, una ufunguo?"

"Ninao, mama," nikasema. Nilikuwa nimeushika. "Ila sina kibali. Nakuja sasa hivi."

Nikakimbia.

Nilikimbia kwa imani yote niliyokuwa nayo. Nilijua kuna njia sahihi, na kwamba nikiifuata upesi itatosha. Wizarani kila mtu alinisaidia. Karani wa fomu aliacha chai yake. Mtunza daftari alikubali kuandika saa saba na nusu, ingawa si saa kamili. Mwenye mhuri hakuwepo, lakini msaidizi wake alijua mhuri unafichwa wapi. Bwana Mavere alikuwa anakula ndizi na samaki, akanawa mkono mmoja, akasaini, akatazama saa ya ukutani.

"Siku tisini," akasema kwa mshangao, "umezifanya kwa saa moja na dakika hamsini. Jamani, mpigieni makofi!"

Ofisi nzima ikanipigia makofi. Nilitoka yakinisindikiza mpaka kwenye ngazi.

* * *

Kanga zilikuwa zimeshushwa. Moja ilikuwa imemfunika Sikudhani mpaka juu ya uso. Mwanamke mmoja wa foleni alikuwa amempakata mtoto.

Nilisimama na karatasi yangu. Ilikuwa imeloa jasho, lakini mhuri ulisomeka vizuri.

"Kinasemaje?" akauliza Bi Mwanamvua. Alikuwa ameketi chini, barabarani.

Sijui kwa nini nilikisoma. Aliuliza, nikakisoma. "Bi Sikudhani Athumani anaruhusiwa kuingia kibandani, kulitazama jiwe, kwa dakika kumi, bila kugusa kitu."

Ngoda alikuja, akakichukua kibali, akakisoma naye, midomo ikicheza.

"Mwenye jina yuko wapi?"

"Huyo," akasema Bi Mwanamvua.

Ngoda aliitazama kanga. Akaitazama karatasi. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye filimbi, naye ni mtu wa sheria, hakujua la kufanya zaidi ya lililoandikwa.

"Aingie," akasema.

"Hawezi kutembea."

"Basi asaidiwe."

Nikaufungua mlango. Ufunguo uliingia mara moja, ukazunguka bila shida yoyote. Wanawake wanne walimbeba Sikudhani kwa kanga yake mpaka chumba cha kujifungulia, na kwa kuwa hapakuwa na kitanda, walimlaza juu ya jiwe. Kichwa chake kilikuja upande wa jina la Mheshimiwa. Wengine wakaingia nyuma yao na mtoto, kisha foleni yote, mmoja mmoja, kikohozi na matumbo na homa, na hakuna aliyekuwa na fomu.

Bi Mwanamvua alifungua friji. Zile chupa zilikuwepo, nane, zimepangwa vizuri, baridi. Alizitazama, akaifunga friji. Akachukua beseni, akaanza kumwosha mtoto.

"Dakika kumi!" Ngoda akaita kutoka nje. Sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Mama, dakika kumi zimekwisha!"

Filimbi ikalia. Kisha ikalia ya jiwe la jirani, na la jirani yake, mpaka Katikati ya Mji nzima ikawa inapiga filimbi.

"Msomi," akasema Bi Mwanamvua bila kugeuka, "funga mlango."

"Nikiwa ndani au nje, mama?"

"Hilo hukufundishwa?"

Nikafunga. Kwa ndani.

* * *

Sikudhani tulimpitisha dirishani kesho yake, mumewe na ndugu zake wakampokea wakaenda kumzika. Dada yake alikuja. Alikaa na mtoto mpaka jioni.

Mheshimiwa Dokta Chambuso aliguswa sana. Ameweka Jiwe la Mia Mbili na Kumi na Nne pale barabarani, la Taasisi ya Taifa ya Uzazi Salama, na katika taarifa ya mwaka Wizara imeandika kwamba Hospitali Kuu ya Karne Ijayo imekwisha kupokea mtoto wake wa kwanza, miaka kadhaa kabla ya kujengwa, jambo ambalo halijapata kutokea katika nchi jirani.

Sisi bado tumo humu. Tingatinga lilikuja mara moja, dereva akaonyeshwa Kifungu cha Ishirini na Mbili, akageuza. Polisi nao wanataka kuingia kutukamata. Wamejaza fomu, na maombi yao yanashughulikiwa. Juu ya jiwe tumetandika godoro, na wiki iliyopita walizaliwa watoto kumi na sita. Mtoto wa Sikudhani ananyonyeshwa na yeyote mwenye maziwa. Bi Mwanamvua hajanisamehe, na sijamwomba. Nachemsha maji, nafua mashuka, naandika majina ya watoto.

Kwa hiyo ukishikwa na uchungu Katikati ya Mji, usiandike barua. Zunguka nyuma, ugonge dirisha.